Punda anachechemea wiki ya tano, jipu la kwato limekataa kupona: yaliyonikuta mimi Umalila

Dada wa Makambako nimesoma ulivyoeleza, punda wako anachechemea mguu wa mbele wa kulia wiki ya tano sasa, usaha ulitoka mara moja ukashukuru Mungu, akakanyaga vizuri siku tatu nne halafu akarudi kulekule, na sindano umeshamchoma nne na hela imekwisha. Pole sana dada yangu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu hiki kitu kimenitesa miezi miwili na nusu. Mi niko Umalila, huku Mbeya milimani juu ya Mbalizi, nina punda watatu wa kubebea viazi na pareto, na huku bila punda mzigo haufiki barabarani, kuna mashamba yako kwenye mteremko ambao ikinyesha hata bodaboda hapandi.

Kabla sijasimulia nikuambie kabisa ninachokiamini: jipu la kwato likiwa bishi usitafute dawa kali zaidi, tafuta kilichobaki ndani. Kuna usaha umefungiwa, au kuna kitu kimechoma kikabaki humo, au uchafu umefika kwenye mfupa. Sindano haiondoi hata kimoja kati ya hivyo.

Wangu anaitwa Kijivu, jike, alikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Desemba, mvua zimekolea. Jana yake kateremka na viazi vizuri kabisa, asubuhi naenda zizini namkuta kasimama kwa miguu mitatu, wa mbele wa kushoto kagusisha ncha tu chini, nikimvuta hatua moja anatetemeka. Mi nikajua kavunjika. Kumbe ndo tabia ya jipu la kwato, linaonekana ghafla, usiku mmoja tu. Fikiria ukipata usaha chini ya ukucha wa kidole gumba, unavyopiga usiku kucha hulali, sasa kwato ni ukucha mnene pande zote, hautanuki, usaha ukijaa hauna pa kwenda unabana nyama iliyo hai ndani, na juu yake kuna mnyama wa kilo 150 na zaidi. Na punda hajui kulalamika kama ng'ombe, anaficha maumivu mpaka yamzidi, kwa hiyo ukiona anachechemea waziwazi jua ameshaumia siku kadhaa.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyohiyo, nilikimbilia duka la dawa za mifugo, jamaa hata hakuuliza mguu gani, akanipa antibayotiki ya kuchoma siku tatu. Kijivu akapata nafuu, nikampa mzigo, siku ya tisa akarudi kwenye miguu mitatu. Nikachoma tena, nafuu, akarudi tena. Baadaye nilielezwa sababu, dawa inasafiri na damu, na pale usaha ulipojikusanya damu haifiki vizuri, kwa hiyo inapoza moto wa pembeni tu, jipu lenyewe linasinyaa kidogo, linakaa, linasubiri. Sisemi antibayotiki haina kazi. Mguu ukivimba kwenda juu, akipata homa, au jeraha likifika kwenye mfupa au kwenye kiungo, hapo inahitajika na inahitajika haraka, ila anayeamua awe daktari aliyeushika huo mguu kwa mkono wake.

Majirani nao wakaja na yao, mmoja mrututu, mwingine maji ya betri, mwingine kinyesi kibichi cha ng'ombe ufungie na kitambaa. Mrututu niliutia. Najuta mpaka leo, maana kwenye kidonda kilicho wazi unachoma nyama nzima pamoja na mbovu, yule mnyama alinitazama siku ile sijasahau. Maji ya betri ni asidi, usithubutu. Na kinyesi ndo hatari kuliko vyote, vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na kwenye samadi, na hakuna mnyama wa kufugwa anayepata pepopunda kirahisi kama farasi na punda, ugonjwa wenyewe umebeba jina lake. Kwa hiyo dada hata kabla hujamaliza kusoma, kama punda wako hajawahi kuchanjwa pepopunda mwambie daktari leo. Kidonda cha chini ya kwato kinachoziba juu kikiacha uchafu ndani ndo mahali pake hasa.

Wiki ya tatu likapasuka lenyewe, juu, pale nywele zinapoishia na kwato kuanza, ukatoka uji mweusi wa kijivu unanuka vibaya. Hapo ndo nilifanana na wewe, nikasema limeisha. Halikuisha. Usaha ukikosa njia chini unapanda ndani ya ukuta wa kwato mpaka unakuta sehemu laini, na laini ni hapo kwenye nywele. Lakini kule chini ulikoingilia bado pamefunga, na lile shimo la juu likikauka tu unaanza kujaa upya.

Aliyenisaidia ni daktari wa mifugo, mama mmoja mtu mzima, alipanda na pikipiki toka Mbalizi. Nieleze alivyofanya maana na wewe unaweza kuyaona mengi kabla hujamwita mtu. Kwanza hakukimbilia kwato mbovu. Alishika kwato zote nne kwa kiganja asubuhi kabla jua halijazipiga, ile mbovu ilikuwa ya moto. Halafu akaweka vidole viwili nyuma chini ya kifundo, pande zote mbili, pale mshipa unapita, akaniambia weka na wewe, kwenye mguu usioumwa mapigo nilikuwa hata siyapati, huu mbovu yanagonga kama saa ya ukutani. Akapangusa unyayo wote, akaosha, akaenda anabana kwa koleo la kwato polepole kuzunguka, nukta moja Kijivu akaunyakua mguu. Akarudia palepale mara mbili, mara zote akaunyakua. Ndipo akachukua kisu cha kwato, kile chenye ncha iliyopinda, akakwangua utando wa juu tu, na kwenye ule mstari unaounganisha ukuta na unyayo kukatokea kidoa cheusi hakizidi kichwa cha kiberiti. Akakifuata kidogokidogo mpaka tone likachuruzika.

Shimo lilikuwa dogo, kama unene wa penseli. Nikamwambia mama panua basi utoke wote, akakataa. Kumbe ukichimba kikubwa nyama laini ya ndani inachomoza nje, mawe yanaingia, na kidonda hicho kinachukua muda kuliko jipu lenyewe. Na ukiona damu umeshapita mpaka, acha. Kwa hiyo dada usimruhusu mtu aje na panga au kisu cha jikoni kuchokonoa, nimeona punda wa mtu kaharibiwa hivyo.

Kufunga sasa, nilivyoelekezwa. Maji ya uvuguvugu, mkono wako uvumilie, na chumvi ya haluli ile wengine wanaiita Epsom, konzi mbili kwenye ndoo ndogo, mguu ukae humo dakika 15 mpaka 20 asubuhi na jioni, siku mbili au tatu basi. Usiloweke wiki nzima, kwato ikilowa sana inakuwa kama sabuni, inapasuka na kuruhusu uchafu mwingine. Ukitoa unakausha kabisa kwa kitambaa safi, halafu unachanganya sukari na ile ayodini ya kahawia ya duka la dawa, sukari vijiko viwili ayodini kijiko kimoja, iwe nzito kama asali, unapaka shimoni na juu yake pamba. Juu ya pamba pampasi ya mtoto, unaifunika kwato yote, unazungushia tepu pana ya kijivu, mwisho kiatu. Kiatu nilishona mwenyewe, kipande cha tyubu ya lori chini, salfeti juu. Angalizo, tepu na kamba viishie kwenye kwato, visipande kubana pale kwenye nywele, utakata damu. Unabadilisha kila siku, ikilowa unabadilisha muda huohuo.

Kuhusu maumivu mpe kile alichoandika daktari kwa uzito wake, usimkadirie vidonge vya watu. Hili la kula pia litazame, punda akiacha kula hata siku mbili, hasa mnene au mwenye mimba, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu na anaweza kufa kwa hilo wakati jipu lenyewe halikuwa la kumuua. Mi nilimpelekea majani na maji palepale aliposimama, na nilimwacha na mwenzake, punda akitengwa na rafiki yake anasusa.

Siku ya pili akaweka kwato yote chini. Siku ya nne mvua ilinyesha usiku kucha, kiatu kikatoka, nikaona anatembea vizuri nikaacha kufunga, akakanyaga matope ya zizini yenye mkojo na mavi. Baada ya siku kumi yuko kwenye miguu mitatu. Nilikaa chini nikakata tamaa kabisa, mke wangu ndo akaniambia mwite tena yule mama.

Mama aliporudi hakuanza na kisu, aliuliza. Jipu limerudi palepale au pengine? Palepale. Basi, akasema, mara moja ni uchafu, mara tatu sehemu ileile kuna sababu imelala humo. Alifuata ile njia ya zamani, safari hii akaenda na kibanio chembamba, akakigusa kitu kigumu, akavuta. Ulitoka waya, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, urefu wa kiungo kimoja cha kidole, umeota kutu. Nikaujua hapohapo. Nyuma ya zizi langu jamaa alikuwa anachana matairi ya kutengenezea katambuga, na mi mwenyewe nilichukua vipande kwake vya kushonea matandiko ya punda, zile nyaya za ndani ya tairi zilikuwa zimezagaa kwenye majani.

Baada ya hapo, siku mbili mguu chini, wiki mbili kavu kabisa, mwezi mmoja ndo nikamrudishia mzigo nusu. Jipu halijarudi.

Sasa kwako dada, wako amerudi mara ya pili na mguu uleule, kwa hiyo mwombe daktari atafute shimo la chini, asiridhike na la juu. Kama shimo liko wazi, linafungwa vizuri, liko kavu, na bado siku tatu nne zimepita haweki mguu chini, hapo huenda shida ni mfupa wa ndani au uvimbe mgumu kama pembe unaoota ndani ya ukuta wa kwato, na hivyo haviponi bila eksirei na kukatwa na mtaalamu. Najua eksirei ya mnyama kwetu nyanda za juu ni shida, SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, ni zaidi ya kilomita 600 toka Mbeya, ila picha na video za kwato ukizipiga vizuri daktari wako anaweza kuomba ushauri kwa wenzake. Na ukikuta msumari au mwiba bado umechoma, hasa katikati kwenye ile sehemu laini ya pembetatu au karibu nayo, usiung'oe kwa hasira, piga picha kwanza, weka alama umeingilia wapi na umelalia upande gani, umzuie asiukanyagie, mwite daktari siku hiyohiyo, maana hapo kiungo kiko karibu sana. Tena kama ni miguu yote miwili ya mbele ina moto na anaegemea nyuma hataki kutembea, hilo si jipu la kawaida, ni uvimbe wa ndani wa kwato nzima, matibabu yake mengine.

Zizi nalo. Asili ya punda ni nchi kavu, huko Pembe ya Afrika, kwato yake inafyonza maji haraka, na sisi tumemleta kwenye baridi na mvua toka Novemba mpaka Aprili au Mei. Kiangazi kwato inapasuka nyufa, mvua za kwanza zinaingiza matope kwenye zile nyufa, ndo maana Desemba na Januari kila nyumba huku ina punda mgonjwa. Mi nilimwaga kokoto na mchanga upande mmoja wa zizi, nikaezeka bati tano, ili wapate pa kusimama pakavu usiku. Kila jioni wakishuka mizigo nachokonoa kwato kwa kijiti na kuzikagua, dakika tano punda mmoja, na kila baada ya wiki sita mpaka nane tunakata na kupiga tupa, kwato ikirefuka mbele ule mstari wa ukuta na unyayo unavutika unafunguka. Yule wa katambuga amehamia barabarani, tulielewana vizuri tu, na nyuma ya zizi nilipita na sumaku ya spika mbovu nimeifunga kwenye fimbo, nilipata nyaya zilizojaa kopo la nusu lita.

Lile shimo la juu kwenye nywele liliacha ufa wa kulala, na ukuta wa kwato unakua taratibu, kama milimita nane hivi kwa mwezi, kwa hiyo tuliuona ukishuka mwezi baada ya mwezi. Mtoto wangu alikuwa anaupima kwa rula ya shule. Ulifika chini mwezi wa tisa, tukaukata kwa tupa pale mlangoni, Kijivu amesimama kwenye miguu yake minne anatafuna maganda ya viazi.