Maswali na majibu: Rangi isiyo na kitako

Ujumbe mlionitumia wiki hii karibu wote unahusu gemu moja, ile ya kupanga maji ya rangi kwenye chupa. Nami naicheza kila siku, kwa hiyo nimefurahi kuwajibu.

Kwa asiyeijua: unapewa chupa kadhaa, kila moja inabeba vipimo vinne. Rangi zimelaliana humo tabaka juu ya tabaka. Unagusa chupa moja, kisha nyingine, maji yanahama. Ila yanahama kwa masharti: yaangukie juu ya rangi inayofanana nayo, au ndani ya chupa tupu, na nafasi iwepo. Unashinda pale kila chupa inapobaki na rangi moja.

Shikamoo. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Jioni nikishafunga mzigo nacheza gemu ya chupa. Leo siku ya nne nimekwama leveli moja, nimekuchorea kwenye karatasi. Nikianza kumimina nyekundu kwenye chupa tupu naona mambo yanakwenda, halafu mbele nafungwa. Nakosea wapi? (Muuza dagaa, Kirumba)

Marahaba, mdogo wangu. Umechora vizuri mno, nami nimeicheza kwa kalamu juu ya karatasi yako. Wasomaji wengine wachukue nao karatasi. Hizi hapa chupa zake, nazisoma kutoka juu kwenda chini:

Ya kwanza: nyekundu, nyekundu, kijani, bluu.
Ya pili: bluu, kijani, njano, njano.
Ya tatu: kijani, njano, bluu, nyekundu.
Ya nne: njano, kijani, bluu, nyekundu.
Ya tano ni tupu.

Naelewa kwa nini mkono wako unakimbilia nyekundu. Ziko mbili pamoja, ziko juu, ukizihamisha unaona umefanya kazi kubwa kwa mguso mmoja. Haya, tuifuate njia hiyo. Nyekundu mbili zinaingia chupa ya tano. Kijani ya chupa ya tatu inakwenda juu ya kijani ya chupa ya kwanza. Njano ya chupa ya nne inakwenda ya tatu. Kijani ya chupa ya nne inaifuata mwenzake kwenye ya kwanza. Bluu ya chupa ya pili inashukia ya nne. Hapo ndipo ulipofungwa kwa siku nne: kijani inaweza tu kurukaruka kati ya ya kwanza na ya pili, nyekundu mbili zimekalia chupa ya tano peke yao, na nyekundu wenzao wawili wamezikwa chini kabisa ya chupa ya tatu na ya nne.

Sasa angalia vitako. Usitazame midomo ya chupa, tazama chini kabisa. Ya kwanza ina bluu. Ya pili ina njano. Ya tatu na ya nne zote zina nyekundu. Rangi gani haina kitako hata kimoja? Kijani. Nyekundu, bluu na njano tayari zina pa kukaa, zinasubiri tu njia isafishwe. Kijani haina kwao popote, kwa hiyo chupa tupu ni haki ya kijani.

Anza hivi. Kijani ya chupa ya tatu, mimina kwenye tupu. Njano ya chupa ya nne, mimina kwenye ya tatu. Kijani iliyofunuka kwenye ya nne, peleka ya tano. Bluu ya chupa ya pili, weka ya nne. Kijani ya chupa ya pili, peleka ya tano, na hapo kijani zimeshakuwa tatu. Chupa ya pili imebaki na njano mbili pekee, basi zimiminie zile njano mbili za chupa ya tatu. Hiyo ya pili ndiyo inayotangulia kukamilika. Bluu ya chupa ya tatu, peleka ya nne. Chini ya ya tatu inabaki nyekundu pekee. Sasa ndiyo zamu ya zile nyekundu mbili ulizokuwa na haraka nazo: zishushe juu ya mwenzao. Kijani ya chupa ya kwanza inakwenda kumalizia ya tano. Bluu tatu za chupa ya nne zinakwenda juu ya bluu ya chupa ya kwanza. Nyekundu moja iliyobaki inakwenda ya tatu. Miguso kumi na moja, na chupa ya nne imebaki tupu.

Kazi yako mwenyewe ina kanuni hii. Niliwahi kumtazama mama mmoja hapo Mwaloni akichambua dagaa: wazima upande huu, waliovunjika upande ule, na beseni moja tupu kaliweka nyuma ya kiti chake. Msaidizi wake alipotaka kulitumia kwa kundi kubwa lililokuwa mbele yao alimkatalia. Kundi lile lilikuwa na beseni lake tayari, limejaa nusu. Beseni tupu lilisubiri aina ambayo haikuwa na chombo.

Siyo kila leveli itakubali kanuni hii moja kwa moja. Kuna ambazo rangi mbili hazina kitako, nyingine zote zinacho. Lakini tangu nianze kusoma vitako kabla ya kugusa chochote, leveli nyingi zilizonisumbua zimefunguka ndani ya dakika chache.

Kaka, mimi nakaa Sengerema na kazi yangu iko mjini Mwanza. Zamani foleni ya kivuko pale Kigongo ilinipa muda wa leveli kumi. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 tunavuka kwa dakika chache, nacheza nyumbani usiku. Tatizo langu ni chupa zenye alama ya kuuliza, rangi ya chini huioni mpaka uifikie. Hizo zinachezwaje? (Msafiri, Sengerema)

Ndugu yangu, hizo zinachezwa kwa kuhesabu. Kila rangi katika gemu hii inatimia vipimo vinne, hakuna inayozidi wala kupungua, isipokuwa leveli iwe na chupa mbili za rangi moja, na hapo vitakuwa vinane. Hesabu zinazoonekana. Ukiona bluu tatu waziwazi, ya nne imejificha. Ukiona njano zote nne, basi hakuna alama ya kuuliza yenye njano, na hilo pekee linapunguza kubahatisha.

Kisha chagua chupa moja tu ya kuifunua, uichimbe mpaka chini. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kufunua kidogo hapa, kidogo pale. Mwisho una chupa nne zilizofunguliwa nusunusu na nafasi zimekwisha. Chagua ile ambayo rangi zake za juu zina pa kwenda bila kugusa chupa tupu.

Na usiogope kupoteza mchezo wa kwanza. Katika gemu nyingi nilizocheza, ukianza upya leveli ileile rangi zilizofichwa zinabaki palepale. Kwa hiyo mchezo wa kwanza uchukulie kuwa ni wa upelelezi: funua, andika pembeni, anza upya ukiwa na ramani.

Je, inawezekana leveli ikawa haina jibu kabisa? Mimi na mwenzangu tumebishana kijiweni hapa Buzuruga mpaka wateja wakatushangaa. (Fundi simu, Buzuruga)

Inawezekana, na swali lenu watu wazima wamekaa nalo mezani. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walitoa kazi ya kihisabati kuhusu gemu hizi hizi, ya maji na ile ndugu yake ya mipira ya rangi. Walionyesha mambo mawili ambayo mimi nayapenda sana.

La kwanza: gemu ya maji na gemu ya mipira ni kitu kimoja kwa upande wa kufunguka. Kwenye maji ukigusa, rangi yote iliyoshikana juu inahama pamoja kadiri nafasi inavyoruhusu. Kwenye mipira unahamisha mmoja mmoja. Ungedhani mipira ina uhuru zaidi. Kumbe mpangilio ukifunguka kwa mipira utafunguka na kwa maji, na ukikataa huku utakataa na kule.

La pili: kujua kama mpangilio fulani una jibu ni kazi ngumu kwa maana halisi ya wanahisabati. Liko katika kundi la matatizo ambayo jibu likishaletwa kulihakiki ni rahisi, lakini hakuna aliyewahi kupata njia ya haraka ya kulitafuta kwa kila hali, hata kwa kompyuta, chupa zikiwa nyingi. Ndiyo maana unaweza kukaa na leveli moja siku nne na bado usiwe na upungufu wowote wa akili. Fundi, mwambie na mwenzako hivyo.

Kinachoamua sana ni idadi ya chupa tupu. Kama kila rangi ingepewa chupa yake tupu, hata mtoto angemaliza, maana unamimina tu kila kinachofika juu kwenye chupa ya rangi yake. Kadiri tupu zinavyopungua ndivyo makosa yanavyokosa pa kurekebishwa. Watengenezaji wengi hutoa mbili. Leveli ya dada wa Kirumba ilikuwa na moja, na ndiyo maana mguso mmoja wa mwanzo uliharibu yote.

Matangazo yananimalizia bando. Kila nikimaliza leveli linakuja tangazo la video. Nifanyeje? (Mama lishe, Igoma)

Dada, zima data kabla ya kufungua gemu. Nyingi zinacheza bila intaneti, na matangazo ya video hayana pa kupitia. Utakosa ile chupa ya ziada inayotolewa kwa kutazama tangazo, lakini huihitaji. Na tangazo likikuahidi pesa kwa kupanga rangi, likakuomba namba ya siri ya simu au ada ya kutolea fedha, funga hapohapo. Hiyo pesa ya biashara yako usiijaribishe.

Baba yangu ni mvuvi mstaafu. Nimemfundisha gemu hii na anaipenda, lakini anachanganya kijani na kahawia, wakati mwingine na nyekundu. Anasema simu yangu mbovu. Ni macho ya uzee? (Binti, Ilemela)

Huenda siyo uzee, mwanangu. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani. Unawapata wanaume zaidi kuliko wanawake, kwa sababu jeni zinazohusika ziko kwenye kromosomu ya X: mwanamke ana mbili, moja ikiwa na hitilafu nyingine inamsaidia, mwanaume ana moja tu. Wengi wanaishi nayo miaka yote bila kuambiwa, wanajizoesha. Muulize baba kwa upole kama ujanani alikuwa akitambua embe bivu kwa rangi au kwa kulibonyeza. Akikuambia alibonyeza siku zote, unaweza kuwa umepata fununu. Lakini kama rangi zimeanza kumchanganya miaka ya karibuni tu, mpeleke akapimwe macho, maana mtoto wa jicho nao hufifisha rangi na unatibika.

Kwa upande wa gemu, ingia kwenye mipangilio yake utafute hali ya wasiotofautisha rangi. Baadhi huweka alama juu ya kila rangi, nyota, duara, msalaba, na mtu anapanga kwa alama. Simu nyingi za Android nazo zina marekebisho ya rangi ndani ya mipangilio ya ufikivu. Zijaribu zote mkiwa mmekaa pamoja, yeye ndiye aseme ipi inamfaa. Kingine, asicheze kwenye jua kali la ufukweni. Pale, kioo kikipigwa na mwanga unaorudi kutoka ziwani, hata mimi zambarau na bluu zinanitoka. Kivulini mwanga wa kioo ukipandishwa, zinarudi.

Nafundisha darasa la nne Ukerewe. Wanafunzi wangu wameniona nikicheza na wanataka, lakini simu ni moja na wao ni wengi. Naweza kuwafundisha bila simu? (Mwalimu, Nansio)

Mwalimu, swali lako nimelipenda kuliko yote. Chora chini kwa kijiti safu tano, kila safu vyumba vinne. Okota vizibo vya soda za aina nne, vinne kwa kila aina. Ukikosa, tumia kokoto, mbegu za maharage, punje za mahindi na vipande vya mkaa. Panga safu nne zijae, ya tano iache tupu. Mwambie mtoto achukue kizibo cha juu tu, kimoja kwa mara moja, akiweke juu ya mwenzake wa aina yake au kwenye safu tupu. Umeshapata gemu ya mipira, na kama nilivyomjibu fundi wa Buzuruga, hawatakosa kitu ambacho wa maji wanacho.

Wagawe wawili wawili, mmoja ahamishe, mwingine aandike kila hatua kwenye daftari, maana chini hakuna kitufe cha kurudi nyuma na wakifungwa watahitaji kujua walikopita. Niliwafanyia hivyo watoto wa dada yangu Jumapili moja nyuma ya nyumba, na yule mdogo wa miaka minane ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama mpaka shavu likagusa mchanga, akitazama safu kutokea chini.

Waanzishie leveli ya muuza dagaa wa Kirumba, iko kamili hapo juu. Habari ya kijani usiwaambie bado. Waache wajaribu nyekundu kwanza.