Ukienda kucheza RPG ya mezani mara ya kwanza, achana na hiyo karatasi

Kila nikimwambia mtu kwamba nacheza RPG za mezani (role-playing games, gemu za kuigiza mhusika) naulizwa mambo mawili, la kwanza "sa hapo anashinda nani?" na la pili "mi sijui sheria, ntaweza kweli?" La kwanza jibu lake fupi tu, hakuna anayeshinda, mnakaa watu wanne au watano mnatunga stori kwa mdomo, mmoja anaisimamia, wengine kila mtu na mhusika wake, na pale ambapo haijulikani kama jambo litafanikiwa mnarusha dadu. Basi. Ila hilo la pili ndo limenikalisha chini niandike, maana hofu hiyohiyo ya sheria nusura inipotezee siku yangu ya kwanza na nikiikumbuka naumia, kwa sababu hakukuwa na haja yoyote ya kuogopa.

Gemu lenyewe lilikuwa Dungeons & Dragons, ndo maarufu kuliko yote, lilitoka 1974 na waliolitunga ni Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliotokea kwenye michezo ya vita ya mezani, ile ambayo we mchezaji unaongoza jeshi zima, unasogeza vikosi huku na huku. Wao kikubwa walichofanya ni kumpa kila mchezaji mtu mmoja tu wa kumwongoza. Nakwambia hii historia kwa sababu ukiishika hii ya mtu mmoja umeshashika nusu ya gemu, yani huongozi jeshi, hupigi hesabu za vita, we ni mtu fulani uko mahali fulani, kuna kitu unakitaka na kuna kitu kinakutisha.

Sa mi siku hiyo nlipewa mhusika aliyeshaandaliwa, mganga, nikampa jina Sihaba. Kabla hatujaanza msimamizi (kwenye D&D anaitwa Dungeon Master, wengi wanasema DM) akamuuliza kila mtu swali moja, mhusika wako anaogopa nini? Nikajibu maji, ilinijia tu, nikaandika chini kabisa ya karatasi "anaogopa maji" na nikasahau.

Alafu ndo likaanza tatizo. Karatasi ya mhusika wa D&D imejaa vitu, kuna sifa sita kama nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto, kila moja na namba yake, kuna orodha ya ujuzi, kuna silaha, mganga ana uchawi wake pia, na mi nikawa nasoma hiyo karatasi kama mtu yuko kwenye mtihani anatafuta jibu liko wapi. Karibu saa nzima sikusema kitu cha maana. Wenzangu wanaongea, wanacheka, wanabishana waingie kijiji gani, mi macho chini.

Tukafika mtoni. Kuna mzee ana mtumbwi, hataki kutuvusha, amekaa ukingoni kasia limelala magotini mwake. DM akanigeukia, "Sihaba, unafanya nini?" Nikarudi kwenye karatasi kutafuta. Yule DM akanyoosha mkono wake taratibu akaufunika ule ukurasa wangu, kiganja chote juu ya namba, akasema "usiniambie unatumia nini, niambie unafanya nini". Kimya. Nikasema, nakaa chini pembeni yake, namuuliza babu, nani alikufundisha kupiga kasia?

Unajua meza nzima ilitulia. DM akavuta pumzi, akaanza kuongea kama yule mzee, kwamba alifundishwa na kaka yake, na kaka yake alichukuliwa na mto huuhuu. Hii habari haikuwepo popote kabla sijauliza, alinambia baadaye kwamba aliitunga palepale kwa sababu ya swali langu.

Ndo akaniambia rusha dadu ya pande 20. Na hapa ntaeleza sheria kidogo maana kwenye D&D karibu kila kitu kinaendeshwa hivihivi: unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha namba ya mhusika wako kwenye jambo hilo, ukifikia au kupita kiwango alichoweka DM umefanikiwa, jambo rahisi kwa kawaida kiwango chake 10, la wastani 15, gumu 20. Mimi DM aliniwekea 10 kwa sababu swali lilikuwa zuri, Sihaba kwenye kushawishi watu alikuwa na 2 ya kujumlisha, maana yake ikitoka 8 kwenda juu nimepita, nafasi 13 kati ya 20. Ikatoka 4. Jumla 6. Nimeshindwa.

Nikajua nimeharibu. Kumbe hapo ndo stori ilipofunguka, yule mzee uchungu ukampanda, akasimama, akalitupa kasia katikati ya mto akaondoka analia. Sasa mtumbwi upo, kasia linaelea kule linachukuliwa na maji, na aliye karibu na ukingo kuliko wote ni Sihaba. Anayeogopa maji. Nikaangalia lile neno nililoandika chini ya karatasi na moyo ukaanza kwenda mbio kabisa, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo duniani. Nikasema, naingia.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo, na mengine yote ntakayosema yanatoka humo. Siku ya kwanza kazi yako siyo kujua sheria. Kazi yako ni kusikiliza kinachoelezwa, kujiuliza huyu mtu wangu angefanya nini hapa, na kukisema kwa sauti. Sheria mwenzako atakwambia, "haya rusha hii, jumlisha hii", ukifanya mara tano umeshazoea. Ukisema "natumia ushawishi" DM hana cha kushika, ila ukisema "namuuliza nani alimfundisha kasia" umempa kaka, umempa mto, umempa huzuni ya kufanyia kazi.

Na kusema kwenyewe siyo lazima uigize sauti. Wapo wanaobadilisha sauti na ni raha kuwasikia, ila ukisema "Sihaba anamwambia aondoke polepole" ni sawa kabisa na kusema maneno yenyewe, vyote viwili ni kucheza, wengi wanachanganya. Nimeona watu wakimya sana wakiwa ndo roho ya meza kwa sababu kila baada ya muda wanasema kitu kimoja kilichofikiriwa.

Kuhusu kushindwa, usipiganie kila dadu. Kuna gemu nyingine zimejengwa juu ya hilo kabisa, kwa mfano zile zilizotokana na gemu la Apocalypse World unarusha dadu mbili za kawaida za pande 6, unajumlisha namba ya mhusika wako, ukipata 10 na kuendelea umefanikiwa, 7 mpaka 9 umefanikiwa ila kuna gharama, 6 kushuka chini msimamizi anakuletea matata. Angalia hiyo ya katikati, dadu mbili zinapenda sana kuangukia humo, kwa hiyo muda mwingi unapata ulichotaka na shida mpya juu yake, na ndo stori inasonga. Kwenye D&D haijaandikwa wazi namna hiyo ila DM mzuri anafanya hivohivo, kama yule wangu na kasia.

Vifaa usinunue kitu. Kweli kabisa usinunue. Seti kamili ya D&D ni dadu 7, ya pande 4, ya 6, mbili za 10, ya 12, ya 20 na ya 8 nlikuwa naisahau, lakini kwenye meza yoyote lazima kuna mtu anazo za kuazima, na kama mnacheza kwa intaneti programu inawarushia. Sheria za msingi za D&D ziko bure mtandaoni kihalali, waraka wake uliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023, kwa hiyo hata huyo wa kusimamia hahitaji kutoa hela ili mjaribu. Na wala si lazima muanze na D&D. Lasers & Feelings ya John Harper ni ukurasa mmoja, we unachagua namba moja tu kuanzia 2 mpaka 5, ukifanya jambo la akili na mitambo unataka dadu iwe chini ya namba yako, ukifanya jambo la moyo unataka iwe juu, mnaanza kucheza ndani ya dakika chache. Kama mnapenda kutishwa na kuchunguza mafumbo ipo Call of Cthulhu, ya tangu 1981, ujuzi wako unaandikwa kwa asilimia kwa hiyo kama umeandikiwa 40 unajua moja kwa moja nafasi yako ni 40 kwa 100, watu wengi wageni wanaielewa haraka kuliko D&D.

Sasa hili la watu nataka nilikazie. Meza ya pili niliyokaa, watu tofauti, ilinifanya nitake kuacha. Kulikuwa na mchezaji mzoefu, kila nikifungua mdomo ananiambia "hapana, mhusika wako ni bora afanye hivi", anarusha hesabu, anachagua uchawi wangu kwa niaba yangu, na msimamizi anamwangalia tu. Labda aliona ananisaidia. Lakini mi nlikaa pale masaa matatu kama mtu anaangalia wengine wanakula maisha yake. Nikaondoka wakati wa mapumziko, nikaaga kwa heshima. Ukikutana na hiyo usihitimishe kwamba gemu siyo lako, tafuta meza nyingine, maana gemu lilelile mikononi mwa watu wengine ni kitu kingine kabisa. Na kama we ndo mzoefu na umekaa na mgeni tafadhali mwache akosee, mpe nafasi, akinyamaza muulize "mhusika wako anaonaje?" alafu subiri jibu, hata kama kimya kitachukua muda.

Kabla ya kukubali kukaa popote uliza: ni stori ya siku moja au ni kampeni, yani stori inayoendelea kwa miezi? Omba ya siku moja. Masaa matatu manne hivi, imeanza imeisha. Uliza pia stori ina vitu gani. Meza nzuri wanaongea kabla, nini hatutaki kabisa kwenye stori yetu, na hapo sema bila aibu, kama kuna jambo limekupata maishani na hutaki likukute mezani lisemwe mapema, hutakiwi kueleza sababu. Wengine wanaweka kadi katikati ya meza yenye alama ya X, mtu akiigusa kinachosimuliwa kinarukwa na hakuna anayehojiwa. Nimeona ikiguswa mara moja tu, DM akasema sawa, akarudisha stori nyuma kidogo, tukaendelea, sekunde kumi.

Mhusika wa kwanza chagua anayetaka kuwa na wenzake. Najua unatamani yule mpweke asiyeongea na mtu, amekaa gizani kofia imefunika uso, ila gemu hili linachezwa kwa kuongea na watu, ukimleta huyo utakaa gizani kweli jioni nzima. Mpe kitu kimoja anachokitaka na kimoja anachokiogopa, historia ya kurasa kumi siyo ya sasa.

Simu iweke mbali, hili sitalielezea.

Mkimaliza msitawanyike palepale, mwambie aliyesimamia kitu kimoja ulichokipenda, kitaje chenyewe, maana ameandaa masaa mengi na hajui nini kimefika. Alafu kabla hujalala andika mistari mitatu, majina ya watu mliokutana nao kwenye stori na jambo lililobaki. Wiki ikipita utakuwa umesahau nusu yake. Mimi ya siku ile bado ninayo, nyuma ya karatasi ya Sihaba: tumevuka. Mzee hatukumjua jina. Kasia lake tunalo sisi, kumrudishia.