Barua kwa mwanangu: mkate wa nyanya yako na moto wa juu

Mama,

Uliniuliza juzi kwa simu mkate wa sinia wa nyanya yako unataka tui kiasi gani, na kama utaiva kwenye oveni yako ya South B au ni lazima ununue jiko la makaa. Nimeona afadhali nikuandikie, maana kila nilipotaja moto ulinikatiza: "Baba, nipe vipimo kwanza." Vipimo nitakupa. Lakini mkate ule ni moto wa juu, mwanangu. Shangazi zako wanajua kuchanganya kuliko mimi, na bado mkate wao hauwi kama wa nyanya yako, kwa sababu wanaubembeleza chini na kuusahau juu.

Mimi sikufundishwa kuchanganya. Kukaa kwenye mbuzi na kukuna nazi, kuchuja tui kwa kifumbu, kutwanga mchele uliolala majini usiku kucha na kuuchekecha, hizo zilikuwa kazi za dada zangu. Nyanya yako alinipa makaa. Makaa ya chini yawe machache, yaliyokwisha kushika na kuvaa majivu. Sufuria ipakwe samli na ipate moto kabla hujamimina, uusikie uji wa mkate ukilia ukigusa chini. Kisha unangoja. Juu pakishatoboka vitobo, unafunika kwa sinia la bati na kupanga makaa juu yake, mengi pembeni, machache katikati. Kaa lenye moshi halipandi juu, hata uwe na haraka namna gani. Mkate wote utanuka moshi. Nilikuwa nayachagua kwa koleo moja moja, na yeye ananitazama tu, hasemi, mpaka nikosee.

Ujue pia kwamba mkate huu hapa Nairobi ni mgeni. Nyanya yako alizaliwa Mombasa, akaja Majengo akiwa bibi harusi. Kwao, uji wa mkate ukiachwa jikoni unaumuka wenyewe kwa lile joto la Pwani. Huku tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Juni na Julai baridi inaingia mpaka kwenye hamira. Alikuwa akiizungushia sufuria blanketi la babu yako na kuiweka karibu na jiko, na ole wake atakayefunua kabla ya wakati. Kwa hivyo ukiona uji wako umelala tu, usiongeze hamira, utanuka. Utafutie joto.

Ramadhani ya mwaka 1984 iliangukia Juni, kwenye baridi hiyohiyo. Ulikuwa mwaka wa ukame, mvua za masika hazikunyesha, na kila kitu cha kutia chunguni kilikuwa shida. Mwenye hoteli mmoja wa mjini, shangazi zako wanamjua na jina lake sitaliandika, aliagiza mikate kumi na miwili kwa futari ya Ijumaa. Nyanya yako akakopa mchele na sukari dukani, akapika tangu alfajiri. Tulikuwa tumefunga sote. Mimi nilikuwa kwenye moto na koo limekauka, na sikuuacha mkate hata mmoja upite bila mimi kuutazama rangi yake. Yote ilitoka na uso wa kahawia, sawasawa mpaka ukingoni.

Tukaipakia kwenye mkokoteni mimi na yule kijana wa jirani, tukashuka Landhies Road hadi mjini. Yule bwana akafunua wa kwanza, akaubonyeza kwa kidole gumba, mbele ya wateja na wapishi wake. "Mbichi. Mwambie mama yako hapa hatuuzi uji." Hakuukata. Hakuuonja, na hilo naweza kulielewa, alikuwa amefunga. Lakini kisu kilikuwa pale mezani.

Tukarudi na mikate yote kumi na miwili.

Nyanya yako hakuuliza mengi. Alichukua uleule ulioachwa alama ya kidole, akaukata katikati, akanionyesha ndani. Vitobo vilikuwa vimesimama toka chini hadi juu kama sega la nyuki. Akakishika kidole changu akakigusisha hapo. "Huu unyevu ni tui. Ubichi unanata. Huu unanata?" Haukunata. "Basi umeiva. Moto wa juu umefanya kazi yake." Kabla ya magharibi mikate ilikuwa imefika Msikiti wa Riyadha, na watu waliofungua kwa tende na maji wakaimaliza. Deni la duka alililipa kwa kuuza doti ya kanga aliyokuwa amejiwekea ya Idi. Siku ya Idi alivaa ile ya zamani yenye pindo lililochanika, akapokea wageni kama kawaida.

Huwa najiambia, labda yule bwana hakuujua mkate wa mchele, alizoea mkate wa ngano ambao ukiwa na majimaji kweli ni mbichi. Halafu nakumbuka alikuwa ameshaula nyumbani kwetu zaidi ya mara moja na kuusifu. Labda wateja walimpungukia kwa ule ukame na hakuwa na fedha. Basi angesema! Nyanya yako angempa kwa mkopo, nina hakika, alikuwa mtu wa namna hiyo. Yule bwana amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na sitaki kumhukumu mtu aliye mbele ya haki. Lakini neno lile, uji, alimwambia mtoto.

Na nyanya yako aliendelea kumwamkia njiani. Shangazi yako mkubwa anasema ule ndio ustaarabu. Mimi nilitaka aende pale na kile kipande mkononi. Mpaka leo nataka. Nikimwaza vizuri naona kwamba kwake maneno yalikwisha pale kisu kilipopita kwenye mkate, na huenda yeye ndiye aliyekuwa sawa. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Vipimo, kama dada zangu walivyovipima kwa kikombe: mchele vikombe 2, chenga zinafaa, tui zito kikombe 1 na nusu, hamira kijiko 1 cha chai, iliki uitwange mwenyewe. Sukari, kikombe kasoro kidogo, na ute wa yai moja, vitie uji ukishaumuka, ukoroge polepole.

Kuhusu oveni sina ugomvi nayo. Ila moto wake unazunguka kila upande, na sisi tulikuwa na mioto miwili, kila mmoja na zamu yake. Kama yako inaruhusu, washa wa chini peke yake mpaka vitobo vitokee, ndipo uwashe wa juu. Usije ukaniambia umeiwasha yote pamoja halafu ukaniuliza mbona haukufanana na wa nyanya. Kama jiko ni bora, utaniambia wewe baada ya kuonja. Mimi nina jibu langu, na nitalinyamazia.

Sufuria ile nzito ya nyanya yako iko kwa shangazi Eastleigh. Ukaiombe mwenyewe, wewe hatakunyima, una jina la mama yake. Nikienda mimi tutarudi kwenye yale maneno ya nyumba ya Majengo, na sina nguvu nayo mwezi huu.

Baba yako