Toa hizo chupa friza kwanza, mengine tutaongea baadae

Mkuu mleta mada, toa hizo chupa friza. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hapa. Umeandika uko Aberdeen, rafiki yako anaoa mwezi ujao, umepewa kazi ya kuchagua Scotch ale, ile bia nzito ya kimea ya Scotland, ya ukumbini kati ya viwanda viwili vidogo, unataka ujue glasi gani, alama unazigawaje, inaendana na nyama choma au hapana, alafu ukamalizia kwamba utazilaza friza usiku kucha ziwe "baridi ya kuuma meno" ndio uzionje, na kwamba jamaa wa kiwanda kimoja kashakunong'oneza kuwa ya kwake yenye harufu ya moshi ndio original. Hiyo ya mwisho nimeirudia mara tatu tumbo linanikata, maana ndio maneno yale yale niliyoambiwa mimi, na yalinitoa paundi 544.

Mdogo wangu alioa huku huku Scotland, binti wa upande wa Borders kule kusini. Mimi ndio kaka mkubwa na wazazi wetu wapo Moshi, kwahiyo nikasema vinywaji niachieni, nataka wakwe zetu wakikaa mezani wakute bia ya kwao, ile nzito ya asili, waone tumewaheshimu. Nia njema kabisa. Nikaenda kwenye maonyesho ya bia ukumbi fulani mjini, nikafika meza ya kiwanda kimoja kidogo, lebo nzuri, kijana anaongea vizuri, akachomoa chupa kwenye ndoo ya barafu akanimiminia kwenye kikombe cha plastiki kidogo kama kile cha kahawa ya mtaani. Nikapiga mafunda mawili kikaisha. Nilichosikia ni baridi, gesi, na utamu fulani kwa nyuma. Kulikuwa na harufu kwa mbali kama ya plasta ya kidonda, nikamuuliza hii nini, akacheka akanishika bega, akasema huo ni moshi wa ile mboji ya kinamasi wanayochoma kukaushia kimea, Scotch ale isiyonuka moshi ni feki. Mimi mtu wa Moshi nikaona ah, hapa ndio nyumbani. Nikalipa maboksi 8, kila boksi chupa 24, paundi 68 kwa boksi. Hesabu mwenyewe.

Siku yenyewe maboksi yalishushwa saa sita mchana yakapangwa jikoni ukumbini, karibu na majiko. Mpaka wakati wa chakula hakuna chupa iliyokuwa na baridi ya maana. Sasa subiri. Wahudumu wanafungua, wanamimina, na mimi nimesimama pembeni ya meza ya wakwe nasubiri waonje. Harufu ilitoka yenyewe bila kuitwa. Hospitali! Plasta, dawa ya kuoshea kidonda, plastiki iliyokaa juani, na nyuma yake siagi, yaani siagi nzito kama ya zile bisi za kwenye majumba ya sinema. Ile harufu niliyoambiwa ni moshi wa kinamasi ikiwa baridi ilikuwa inanong'ona tu, ilivyopata joto ikapiga kelele ukumbi mzima.

Baba wa bibi harusi ni mzee wa watu, mpole, hizi bia kazinywa maisha yake yote. Aliichukua glasi akaishika kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto, akanusa, akasubiri kidogo, akanusa tena, akaiweka chini taratibu mbali na sahani yake, akamwomba mhudumu chai. Hakusema neno. Bora angesema. Wazee wetu waliotoka Tanzania na wenyewe walipiga funda moja moja wakahamia lager kimya kimya. Chupa 192, zilizofunguliwa hazikufika 40, na hizo zenyewe nyingi zilimwagwa.

Nikampigia yule kijana Jumatatu. Unajua alisema nini? Mmezihifadhi vibaya. Nikamwambia harufu ya plasta niliisikia mezani kwako, wewe mwenyewe ukaniambia ni moshi wa asili, akasema ladha ni suala la mtu binafsi. Hela haikurudi mpaka leo. Na ninachokasirikia zaidi sio hela, ni kwamba mtu anayeuza bia lazima alikuwa anajua. Ndoo ya barafu haikuwa ukarimu. Bia ya aina ile huiweki kwenye barafu unapotaka mtu aionje, unaiweka kwenye barafu unapotaka mtu asiionje.

Wiki mbili baadae yule mzee akanialika kwake. Nimekaa pale nasubiri kulaumiwa, kumbe hana habari hiyo. Mezani kulikuwa na chupa ya Traquair House Ale, ile inayopikwa ndani ya nyumba ya zamani ya kibwanyenye pale Innerleithen, mitambo yao ya kale ililala miaka na miaka mpaka mwenye nyumba akaifufua mwaka 1965, na bado wanachachushia kwenye mapipa ya mti wa mwaloni, kilevi asilimia 7.2. Chupa iko mezani na haifunguliwi. Tukaongea mvua, tukaongea mpira, tukaongea watoto, dakika arobaini nzima chupa inatutazama. Alafu akaenda kwenye friji akatoa chupa nyingine, hiyo hiyo Traquair, akamimina glasi mbili, ya friji na ya mezani, akazisogeza kwangu.

Wadau, ilikuwa bia moja. Chupa mbili za duka moja. Ya friji nilisikia maji meusi yenye gesi na uchungu mkavu kwenye koo, ningeulizwa ningeipa alama za kawaida tu. Ya mezani ikaja kashata. Ile kashata ya karanga sukari ikiwa imeungua kidogo pembeni, alafu tende, alafu zabibu kavu, mkate uliobabuliwa, na mwisho joto jepesi la kilevi linashuka kifuani bila kuunguza. Nilikaa kimya. Mzee akasema maneno machache tu, kwamba baridi ni pazia, linaficha bibi harusi na linaficha mwizi.

Ndio nikamkumbuka baba mdogo wangu kule Moshi. Kila baa akiulizwa "ya moto au baridi?" yeye ni ya moto, na sisi vijana tunamwonea huruma tunaona ushamba. Na nyumbani hakuna mtu aliyewahi kukuletea mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ikiwa na barafu, aliyepika anaonja kwanza mbele yako ikiwa katika hali yake, kama imeharibika mtajua wote. Elimu ilikuwepo nyumbani miaka yote, nikaja kuinunua Ulaya kwa paundi 544.

Sasa kwanini iko hivyo. Unachokiita ladha kwa sehemu kubwa ni harufu, na harufu ni vitu vinavyoruka kutoka kwenye bia kuja puani. Bia ikiwa nyuzi 3 au 4 vitu hivyo vinabaki vimelala ndani, ulimi nao kwenye baridi hausikii utamu vizuri, unachobaki nacho ni gesi na uchungu. Kwa lager nyepesi ya kukata kiu hiyo haina shida, imepikwa kwa ajili hiyo. Scotch ale imejengwa kinyume chake, ni bia ya kimea, hopsi, yale maua ya kutia uchungu, ni kidogo tu ya kuzuia utamu usichoshe. Lile togwa lake, yaani maji ya kimea kabla ya kutiwa hamira, linachemshwa kwa muda mrefu, wapikaji wengine wanachota lile la kwanza, zito, wanalichemsha pembeni mpaka linakuwa kama asali alafu wanalirudisha, hapo ndipo kashata inapotoka. Inachachushwa kwenye ubaridi zaidi kuliko ale nyingi ili hamira isiongeze harufu zake za matunda na viungo. Sasa kazi yote hiyo wewe unaifunga friza!

Na mabaya nayo yanafungiwa humo humo. Ile siagi inaitwa diasetili, hamira inaitengeneza yenyewe inapofanya kazi na ikiachiwa muda inaifuta yenyewe, mpikaji mwenye haraka ya kuuza anapoza bia kabla haijamaliza na siagi inabaki. Ile plasta ni fenoli, mara nyingi ni klorini ya maji au dawa ya kusafishia vyombo isiyosuuzwa imekutana na kimea, au hamira ya porini imeingia. Hakuna hata moja inayohusiana na Scotland. Na kama ikipata joto ukasikia dawa ya kufutia rangi ya kucha, hapo mara nyingi uchachushaji ulipata joto kupita kiasi. Ukisikia harufu ya boksi lililolowana mvua, hewa iliingia kwenye chupa.

Kuhusu moshi nakuomba ulishike hili. Kimea cha moshi wa mboji ni mambo ya wiski, tena sio wiski zote. Kwenye ale za asili za Scotland hakikuwa desturi, na mwongozo wa BJCP, ile programu ya waamuzi wa bia iliyoanzia Marekani mwaka 1985, unasema waziwazi kwamba hakifai kwenye aina hii. Kuna viwanda vya Marekani vinatia kimea cha moshi kidogo kwa makusudi, Old Chub ya Oskar Blues kule Colorado wanatia cha moshi wa kuni, na ni bia nzuri tu, lakini hiyo ni chaguo la mpikaji na inanuka kuni, hainuki wodi. Mtu akikwambia isiyo na moshi ni feki, anakuuzia kitu.

Alama ulizouliza. Fomu ya BJCP ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, inavyokaa mdomoni 5, na 10 za jumla unavyoiona. Angalia hapo, harufu na ladha ni 32 kati ya 50 na zote mbili ndio baridi inazoziua, unabaki unagombania zile 3 za rangi na povu. Mwonekano usikuchukulie muda, rangi ya shaba mpaka kahawia, ukiiangalia kwenye mwanga iwe safi, basi. Mdomoni inatakiwa iwe nzito, inateleza, gesi ya wastani au chini ya hapo, na kilevi chake cha asilimia 6.5 mpaka 10 kinapasha, hakichomi. Kama ni tamu tu kama sharubati ya dukani na hakuna kimea nyuma, punguza.

Alafu usichanganyikiwe na lebo zinazosema 70/- au 80/-, hizo ni shilingi kweli, bei ya pipa la zamani, karne ya 19 bia kali iliuzwa bei kubwa ikaitwa kwa bei yake, na hata Uingereza walipoachana na shilingi mwaka 1971 watu wa baa hawakuacha majina. Unayotafuta wewe ni ya juu ya hizo, mara nyingi lebo itasema wee heavy. Mimi mara ya kwanza kuona 80/- kwenye bomba la baa nilihisi nimefika Kariakoo.

Sasa fanya hivi. Hizo chupa ziache friji ya kawaida zisimame wima, ukitaka kuonja zitoe zikae mezani kama dakika 40, tumbukiza kipimajoto cha jikoni kwenye glasi, ikiwa kati ya nyuzi 10 na 13 anza. Sisemi ya moto ya Dar es Salaam mwezi wa kwanza, hapana, ubaridi wa mtungi. Glasi yoyote yenye tumbo na mdomo mwembamba, mimina isizidi theluthi, nusa kabla hujanywa. Iache dakika ishirini, rudi, nusa tena. Ikiwa inazidi kupendeza kadri inavyopata joto, hiyo nunua. Ikiwa inazidi kuchukiza, hata kama jamaa ni shemeji yako, usinunue. Maji na mkate mkavu katikati, na usionje zaidi ya hizo mbili siku moja, hizi ni kali ulimi unalewa kabla yako.

Na kabla ya kutoa hata paundi moja, rudi kwa huyo jamaa wa moshi. Mwambie amimine yake mbele yako, alafu usiinywe. Ishike mkononi, mpigishe stori, muulize alipopikia, alichachusha siku ngapi, maji anayatoa wapi. Mwangalie uso wakati glasi inapata joto. Yule kijana aliyeniuzia mimi angefanyiwa hivyo asingemaliza dakika kumi bila kuniomba ninywe haraka.

Wewe sherehe ni mwezi ujao, bado una muda, mimi nilikuwa na siku nne. Ukionja Jumamosi rudi uandike hapa, na uandike ilikuwa nyuzi ngapi.