Igizo dhima la mezani: wanafunzi wanacheza, somo liko wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 8 hapa Malindi, nafundisha historia na jiografia, na darasa langu lina wanafunzi 48. Muhula uliopita nilijaribu mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kwa mada ya biashara ya Bahari ya Hindi. Waliufurahia mno, ila wanne watano ndio waliocheza, wengine wakatazama. Nilipowapa mtihani sikuona tofauti yoyote. Tena mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba nimewaletea watoto dadu, nawafunza kamari. Niendelee au niache?

JIBU: Usiache, mwalimu. Hayo yamenipata na mimi. Nilipoanza kuwasaidia walimu huku Lamu niliongoza safari ya jahazi ambayo maharamia walizuka kila baada ya dakika tano. Darasa lilichangamka kipindi kizima. Kengele ilipolia nikawauliza jahazi lilikuwa likienda kwa upepo gani, na hakuna aliyejua, kwa sababu hapakuwa na wakati wowote waliohitaji kujua. Kasoro ni hiyo. Mtoto asiyejua somo akiweza kucheza vizuri sawa na anayelijua, basi somo umeliacha bandarini.

Kwa hiyo kila uamuzi mzito uupitishe kwenye somo lenyewe. Mfano mzuri unao mlangoni kwako. Tarehe 24 Aprili 1498 merikebu za Mreno Vasco da Gama ziliondoka Malindi na rubani waliyepewa na mtawala wa mji, na tarehe 20 Mei zikawa zimefika karibu na Kalikuti, India. Siku 26 tu, kwa kuwa walikwenda na kusi, upepo utokao kusini-magharibi. Kurudi, waliiacha pwani ya India mapema Oktoba, kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, haijashika, wakataabika baharini hadi Januari 1499. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kiliua mabaharia wengi kiasi kwamba baadaye merikebu moja ilichomwa moto, watu wa kuiendesha hawakutosha.

Haya usiwasimulie mwanzoni. Wape ramani, kalenda ya pepo, na chombo kinachobeba mizigo 10 tu, kisha waulize: mnaondoka mwezi gani, na mnapakia nini? Kila kapu la ndimu linachukua nafasi ya robota la nguo. Aliyesoma habari za vitamini C kwenye sayansi atazipigania ndimu zake, na anayetaka faida atampinga. Waache wabishane, hapo ndipo kujifunza kunapotokea. Halafu maji. Chukulia mabaharia 20, kila mmoja lita 3 kwa siku. Safari ya siku 26 inataka lita 1,560, ya siku 90 inataka lita 5,400. Mtoto akishaipiga hesabu hiyo mwenyewe hatasahau kwa nini manahodha walisubiri majira yao. Mwisho wa safari ndipo unawaeleza yaliyowapata Wareno, nao watakusikiliza, kwa sababu wameshafanya uamuzi uleule.

Bahati iachie yale tu ambayo hata nahodha hodari hawezi kuyajua: tufani ya ghafla, tanga kuchanika. Na hapa nakuja kwa yule mzazi. Usishindane naye. Wapo Waislamu wengi wanaoiepuka dadu hata pasipo pesa, na darasa lako haliihitaji. Chukua vizibo sita vya chupa za soda, uviandike 1 hadi 6, utie mfukoni. Mwanafunzi anatoa kimoja, anasoma, anakirudisha, anatoa tena, anajumlisha. Ni kura, na kila mzazi anaijua kura. Mwalike aje akae aone. Akiwa amewahi kusafiri na mashua, mpe kiti cha mbele.

Vizibo hivyo vinakupa na hisabati. Matokeo yanaweza kuja kwa njia 36. Chombo kilichochagua majira sawasawa kinahitaji jumla ya 6 au zaidi ili kipone, na njia za kuipata ni 26. Kilichokosea kinahitaji 9 au zaidi, njia 10 tu. Waache wachore jedwali la njia zote 36 kabla hawajavuta kura, ili waione bei ya kutojua. Anayesahau kurudisha kizibo anabakiwa na njia 30. Mwulize kwa nini.

Kuhusu wale waliotazama: usiendeshe chombo kimoja mbele ya darasa. Endesha vyombo vinane, sita sita, vyote vikikabili tatizo moja kwa wakati mmoja. Wewe unasimulia mara moja, kila meza inajadili na kuandika uamuzi. Kila mmoja awe na kazi: nahodha, rubani, serahangi (msimamizi wa mabaharia), karani, mpishi anayehesabu maji na chakula, na mfanyabiashara. Msemaji abadilike kila bandari. Mimi siupokei uamuzi ambao karani hakuuandika pamoja na sababu yake, na kwa kanuni hiyo moja wasichana waliokuwa kimya nyuma ya darasa walianza kusikilizwa.

Mwalimu mkuu akisema michezo hii ni ya burudani, mwambie mizizi yake ni masomo. Mwaka 1824 afisa wa Prusia, dola ya zamani ya Kijerumani, aitwaye Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo wa vita wa mezani, nalo jeshi likautumia kuwafunza maafisa. Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa mezani wa kuigiza wahusika uliotolewa Marekani mwaka 1974, ulizaliwa katika ukoo huo wa michezo ya vita.

Jambo moja nakuomba sana. Biashara ya Bahari ya Hindi ilibeba pia watu. Katika karne ya 19 mashamba ya Malindi yalilimwa na watumwa, na darasani kwako huenda wamo wajukuu wa pande zote mbili. Usimpe mtoto yeyote nafasi ya mtumwa wala ya mwenye kumuuza, na usiwaachie wapakie watu kama shehena. Sehemu hiyo ifundishe kwa masimulizi na maandishi, mchezo ukiwa umefungwa.

Kipindi cha dakika 40 mimi nakigawa hivi: 5 za kupanga, 20 za kucheza, 15 za mazungumzo. Hizo 15 usizipunguze hata safari ikikatikia katikati ya bahari. Mtaimalizia wiki ijayo. Na kwenye mtihani usiulize habari za chombo chao. Uliza kitu kipya kinachotaka ujuzi uleule, kwa mfano kwa nini majahazi ya Uarabuni yalikuwa yakiingia pwani yetu msimu wa kaskazi na kuondoka kusi ikianza. Wakijibu hilo bila ramani mezani, wapeleke safari nyingine.