Maswali na Majibu: Njia Ipi ya Kukokotea Karavani Kutoka Denver Hadi Durango?

SWALI: Ndugu mtaalamu, salaam. Mimi na familia yangu tunaishi Aurora, jirani na Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Mwezi Julai tunakusudia kwenda Durango na kisha Hifadhi ya Taifa ya Mesa Verde, tukikokota karavani tuliyoinunua mwaka jana. Karavani ikishapakiwa ina kilo 2,100, na pikapu yetu, yenye injini ya petroli isiyo na turbo, ina kilo 2,500 pamoja na abiria na mizigo. Ramani ya simu inanielekeza barabara ya 285 kwa kuwa ndiyo fupi. Rafiki yangu ananishauri nipite barabara kuu ya I-70 hadi Grand Junction, kisha Montrose, niingie Durango kwa barabara ya 550, kwa sababu mandhari yake ni mazuri mno. Niliendesha magari miaka mingi nchini Kenya, lakini sijawahi kukokota tela milimani. Nifuate njia ipi, na nitajuaje kama gari langu linaimudu?

JIBU: Ndugu msomaji, ahsante kwa swali lililotimia, maana umetaja uzito, aina ya injini na msimu wa safari, na bila mambo hayo matatu hakuna anayeweza kukushauri kwa haki. Ushauri wangu ni huu: shuka kusini kwa I-25 hadi Walsenburg, geuka magharibi kwa barabara ya 160 kupitia La Veta Pass ("pass" ni mahali barabara inapovukia mlima) hadi Alamosa, uendelee hadi South Fork, uvuke Wolf Creek Pass na kuteremkia Pagosa Springs, kisha Durango. Njia hiyo ina takriban kilomita 620, nayo inazidi ile ya simu yako kwa kilomita 80 hivi. Barabara ya 550 kati ya Ouray na Silverton nakuomba uiache kabisa ukiwa na karavani.

Simu yako imehesabu dakika za gari dogo lisilovuta kitu, na rafiki yako amehesabu uzuri wa milima. Anayekokota hana budi kuhesabu miteremko: kila mmoja una urefu gani, una ukali gani, umelala katika barabara ya njia ngapi, na unakutana nao ukiwa umechoka kiasi gani. Watu wengi huogopa kupanda, kwa sababu injini inanguruma na kipimo cha joto kinapanda mbele ya macho yao. Lakini gari likishindwa kupanda, madhara yake makubwa ni kusimama kando ya barabara na kungoja injini ipoe. Linaloshindwa kujizuia linaposhuka halina pa kusimama.

Hebu tuupime mteremko kwa hesabu. Barabara inapoandikwa kuwa na mteremko wa asilimia 7, maana yake ni kwamba katika kila mita 100 za mwendo inashuka mita 7. Gari lako na karavani kwa pamoja ni kilo 4,600. Mkishuka mteremko huo kwa kilomita 60 kwa saa, uzito huo unazalisha nguvu ya zaidi ya kilowati 50 kila wakati, na nguvu hiyo lazima ipelekwe mahali fulani. Upepo na msuguano wa matairi huchukua sehemu yake, na kilichobaki kinagawanywa kati ya injini iliyo katika gia ndogo na breki zako. Upande wa magharibi wa Wolf Creek Pass barabara inashuka zaidi ya mita 800 kabla haijatulia. Nishati inayotolewa na gari la uzito wako katika mshuko huo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji yaliyokuwa na joto la nyuzi 20. Ukiziachia breki peke yake kazi hiyo yote, mafuta ya breki huchemka na pedali huzama mpaka chini bila gari kupunguza mwendo.

Sasa nizipime njia zenyewe.

Njia ya rafiki yako huanza vizuri, kwa kuwa I-70 ni barabara pana yenye njia za kutosha za magari ya mwendo wa taratibu, lakini isikudanganye kwa upana wake. Inapanda hadi mahandaki ya Eisenhower na Johnson, yaliyo katika mwinuko wa takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na mara unapotoka upande wa magharibi unakabiliwa na mshuko wa karibu asilimia 7 wa kilomita kadhaa hadi Silverthorne, wenye njia za dharura za kunasia malori yaliyopoteza breki. Kisha unafuata Vail Pass, wenye zaidi ya mita 3,200, na ukali wa aina hiyohiyo. Hayo yote yangevumilika. Tatizo liko mwishoni. Kutoka Ouray barabara ya 550 inapanda Red Mountain Pass, karibu mita 3,360, ikiwa imechongwa ubavuni mwa genge, njia moja kwenda na moja kurudi, kona zake zikiwa kali na sehemu kubwa ikiwa haina vizuizi vya pembeni, kwa kuwa katika majira ya baridi magreda hulazimika kuisukumia theluji bondeni. Anayetoka Ouray kwenda Silverton huwa upande wa nje, yaani upande wa korongo, na karavani yenye upana wa karibu mita mbili na nusu haimwachii nafasi ya kurekebisha kosa. Ukishavuka hapo, Molas Pass na Coal Bank Pass bado zinakungoja, nazo zote mbili zina zaidi ya mita 3,200. Wapo wanaopita huko na karavani, na sheria haiwazuii, lakini ni watu waliozoea, na wengi wao huchagua mwelekeo wa kutoka Silverton ili wawe upande wa mlima. Iache karavani kambini Durango, uichukue familia kwa pikapu peke yake siku moja, mpande hadi Silverton na Ouray, na mandhari hayo mtayaona kwa utulivu zaidi.

Barabara ya 285 si mbaya, na dereva aliyezoea tela anaweza kuichagua bila lawama. Inapanda Kenosha Pass, mita 3,050 hivi, inapita Fairplay, inavuka Trout Creek Pass na Poncha Pass, kisha inaingia Bonde la San Luis. Sababu yangu ya kukuepusha nayo ni kwamba saa ya kwanza tu baada ya kutoka nyumbani inakupa mteremko mkali wa Crow Hill unaoingia Bailey, kabla hujajua jinsi karavani yako inavyosukuma gari kutoka nyuma na kabla hujazijua breki zake, na baada ya hapo sehemu kubwa ni ya njia moja kila upande, ambapo msururu wa magari yaliyokukaribia nyuma humfanya dereva mgeni aende kasi isiyo yake.

Njia ya I-25 inakufundisha pole pole. Kati ya Denver na Pueblo una kilima kimoja tu cha kuangaliwa, Monument Hill, na barabara ni pana. Kutoka Walsenburg hadi La Veta Pass unapanda karibu mita 1,000, lakini umbali ni mrefu kiasi kwamba wastani wa mwinuko haufiki asilimia 3, na hapo ndipo utakapojifunza joto la injini yako linavyopanda na gia ipi inaibeba karavani bila kuhangaika. Tahadhari ya njia hii ni upepo. Maeneo ya Walsenburg yanajulikana kwa upepo mkali unaopiga kutoka ubavuni, na karavani ni ukuta mwepesi unaosukumwa kirahisi. Ikianza kuyumba, usikanyage breki ya gari na usijaribu kuiwahi kwa usukani: ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani bila kuuzungusha, na ubonyeze kwa mkono kidhibiti cha breki za karavani kilichoko ndani ya pikapu ili karavani ijivute nyuma na kunyooka. Kama utabiri unataja upepo mkali, lala Pueblo uondoke alfajiri.

Wolf Creek Pass, yenye karibu mita 3,310, ndiyo mtihani wa njia hii, na sitaki uiendee ukidhani ni nyepesi. Faida yake ni kwamba ni mlima mmoja, unajulikana, na barabara yake imepanuliwa, hivyo malori na karavani zina njia yake kwa sehemu kubwa ya mlima. Ukiwa kileleni, ingia mahali pa kuegesha, usimame walau dakika kumi na tano. Zunguka gari, gusa matairi, sogeza kiganja karibu na magurudumu yote bila kugusa chuma, ulinganishe joto. Gurudumu la karavani lililo baridi kabisa baada ya safari ndefu lina breki isiyofanya kazi, na lililo na joto kuliko wenzake lina breki inayong'ang'ania au beringi inayokufa.

Upande wa magharibi mteremko unafikia karibu asilimia 7 kwa takriban kilomita 12. Kati yake ipo kona kali inayokulazimisha kupunguza mwendo sana baada tu ya mahali pa kutazamia bonde, na katika mteremko huo zipo njia mbili za dharura za kunasia magari yaliyopoteza breki. Zitambue kwenye alama za barabarani kabla hujazihitaji, na ukizihitaji usisite kuingia, kwa kuwa gari linaweza kutengenezwa. Anza kushuka ukiwa tayari katika gia ndogo. Madereva wa kwetu husema gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia, na kanuni hiyo inafaa hapa pia, ila mimi ningeteremka gia moja zaidi. Kama gia zako ni otomatiki, washa hali ya kukokota na uchague gia kwa mkono. Mwendo ukizidi uliojipangia, tuseme kilomita 60 kwa saa, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka ufike 50, kisha achia kabisa zipoe. Mguu uliolazwa juu ya pedali kutoka kileleni hadi chini ndio unaochoma breki. Wewe uliyeendesha Kenya unakumbuka yaliyokuwa yakitokea Salgaa, ambako malori yalishushwa yakiwa yametolewa kwenye gia ili kuokoa mafuta. Sababu ya ajali zile na sababu ninayokuonya nayo ni moja.

Kuhusu uwezo wa gari, anza na hewa. Injini isiyo na turbo hupoteza kwa makadirio asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo juu ya Wolf Creek utakuwa na theluthi mbili tu za nguvu zilizoandikwa katika karatasi za gari lako. Kwa uzito uliotaja bado utapanda, lakini panda kwa kilomita 50 au 60 kwa saa katika njia ya kulia, bila aibu. Kisha soma mambo mawili. La kwanza ni kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinachotaja mzigo ambao pikapu inaruhusiwa kubeba; uzito unaokandamiza kiungio cha nyuma, ambao unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa karavani, yaani kilo 210 hadi 315 kwako, unahesabiwa ndani ya mzigo huo pamoja na watoto na majokofu. La pili ni kikomo cha uzito wa jumla wa gari na tela kilichowekwa na mtengenezaji. Usiamini makadirio ya nyumbani: nenda kwenye mizani ya kituo cha malori ukiwa umepakia kila kitu, maji yakiwemo, na upime kila ekseli.

Breki za karavani ni sharti, wala si hiari. Sheria ya Colorado inadai tela lenye uzito wa kuanzia pauni 3,000, takriban kilo 1,360, liwe na breki zake, na lako limevuka hapo kwa mbali. Kabla ya safari, mwite fundi afungue magurudumu ya karavani, atazame viatu vya breki, nyaya na beringi, kisha urekebishe kidhibiti kilichoko ndani ya pikapu kwenye uwanja mtupu mpaka uhisi karavani inajivuta yenyewe bila kufunga magurudumu. Tazama pia tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa ubavuni mwa matairi, kwa sababu matairi ya karavani huzeeka yakiwa yamesimama.

Mwezi Julai mvua za radi hunyesha milimani mara nyingi baada ya adhuhuri. Ningelala Alamosa au South Fork usiku wa kwanza, nikavuka Wolf Creek asubuhi barabara ikiwa kavu na akili ikiwa imepumzika. Hali ya barabara itazame katika tovuti ya COtrip ya Idara ya Uchukuzi ya Colorado kabla hujawasha gari.

Ukiona bado unaihofia Wolf Creek, ipo njia ya chini zaidi: I-25 kupitia Raton Pass, karibu mita 2,390, hadi Albuquerque, kisha barabara ya 550 ya New Mexico kurudi kaskazini hadi Durango. Hiyo inazidi kilomita 1,000 na itakula siku mbili kamili. Lakini gari lililozidi uzito au lenye breki mbovu lisikokote karavani hata huko. Kwanza punguza mzigo, au ahirisha.

Jambo la mwisho linahusu Mesa Verde. Hifadhi hairuhusu karavani wala tela lolote kupita kambi ya Morefield, kwa sababu barabara inayopanda kwenda kwenye makazi ya kale ni nyembamba na ina kona nyingi. Weka nafasi hapo Morefield mapema, au iache karavani Durango uende na pikapu pekee, na kabla ya kuifungua kutoka kwenye gari, weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yake.