Maswali ya wasomaji: Kesi ya ulevi barabarani na wakili wa kukutetea

Barua nyingi tulizopokea kutoka Malindi na Lamu zinauliza jambo moja: mtu kakamatwa kwa madai ya kuendesha chombo akiwa amelewa, na nyumbani hawajui waanzie wapi. Tumechagua tano.

Salaam aleikum. Mwanangu ni dereva wa tuktuk hapa Maweni. Ijumaa saa nne usiku trafiki walimsimamisha njia ya Watamu, wakampulizisha Alcoblow (kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi), wakamlaza seli. Jumatatu anapelekwa kortini. Watu wanasema akikubali kosa atatozwa faini kidogo aende zake. Akubali? – Mama, Malindi

Waaleikum salaam, mama. Asikubali kabla hajaelewa anashtakiwa nini hasa, wala asikubali kwa sababu amechoka kulala seli.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hakimshtaki mtu kwa kunywa. Kinamshtaki kwa kuendesha, kujaribu kuendesha, au kuwa na gari mikononi mwake barabarani au mahali pa umma, hali pombe au dawa imemzidi kiasi cha kushindwa kulimudu gari sawasawa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo nguzo ya kesi yote. Mtu aliyekunywa mnazi vikombe viwili akanukia mdomo bado hajathibitishiwa kosa, mpaka upande wa mashtaka uonyeshe kwamba chombo kilimshinda: aliyumba, alipanda ukingo wa barabara, aliposhuka hakuweza kusimama.

Kile kifaa nacho kina historia yake. Kanuni za 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizikuta kanuni hizo haziendi sambamba na kifungu cha 44. Polisi hawakuzuiwa kukamata walevi, ila nambari ya kifaa peke yake si kesi kamili. Mwanao akikubali kosa, anawapa bure kile ambacho wangelazimika kukithibitisha.

Sasa hiyo "faini kidogo". Sheria inaruhusu faini ya hadi Sh100,000, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Juu yake, anayepatikana na hatia hunyimwa leseni kwa miezi 12, kuanzia siku ya hukumu ikiwa ni faini, au siku ya kutoka jela ikiwa alifungwa. Kwa mtu anayekula kwa usukani, mwaka mzima bila leseni ni mzito kuliko faini, na hao wanaomhimiza akubali hawautaji.

Jumatatu itakwenda hivi. Karani atamsomea shtaka kwa lugha anayoielewa. Akihitaji Kigiriama, aseme, na mkalimani halipiwi. Akijibu "ni kweli", mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya tukio, kisha ataulizwa tena kama maelezo hayo ni sahihi. Asikilize kila neno. Akisema "nilikunywa, lakini tuktuk nilikuwa naimudu", huko si kukiri, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Akiitikia tu ili yaishe, anaweza kuhukumiwa papo hapo. Baadaye akitaka kukata rufaa ana siku 14, na aliyekiri mwenyewe kwa kawaida husikilizwa kuhusu adhabu tu, si kuhusu hatia.

Wengine wameuliza kama kumweka tangu Ijumaa hadi Jumatatu ni halali. Katiba, kifungu cha 49, inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo korti imefungwa, muda unasogea hadi siku ya korti inayofuata. Hata hivyo kituo kilikuwa na uwezo wa kumwachilia kwa dhamana usiku uleule. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kufika kortini, haina malipo. Mkitoa pesa taslimu, dai risiti rasmi hapo hapo, yenye kiasi kilekile mlichotoa. Pia omba nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Mimi ni wa bodaboda. Nilikuwa nimelala juu ya pikipiki karibu na jeti ya Mokowe, injini imezimwa, ufunguo mfukoni. Nikaamshwa na polisi, nikashtakiwa. Nilikuwa naendesha nini? – Kijana, Lamu

Hukuwa ukiendesha, kaka, ila kifungu kinamgusa pia aliye na chombo mikononi mwake, na pikipiki ni chombo cha moto kama gari. Ufunguo mfukoni unakuumiza. Yanayokusaidia ni yale yanayoonyesha hukuwa na nia ya kuondoka: ulimwita mwenzako aje akuchukue (rekodi ya simu ihifadhiwe, usiifute), injini ilikuwa baridi, pikipiki ilikuwa imefungwa kufuli. Andika majina ya waliokuwepo jetini wiki hii, kabla hawajasahau siku. Usikubali wakili akuambie kesi hii ni ya kushinda tu au ya kushindwa tu. Hakimu ataipima kwa mazingira hayo.

Nitamjuaje wakili wa kweli, na nikubaliane naye vipi malipo? Pale kortini kuna watu wanakushika mkono ukishuka tu kwenye tuktuk. – Msomaji, Barani, Malindi

Hao wa kukushika mkono waache. Wakili halisi ana cheti cha kuhudumu kinachotolewa kila mwaka na kumalizika Desemba 31. Ingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, utafute jina lake na usome hali yake: awe anaruhusiwa kuhudumu mwaka huu, si mwaka jana. Januari na Februari angalia kwa makini zaidi, maana kuna wanaoendelea kusimama kortini kabla hawajakihuisha. Jina la kwenye kibao cha ofisi na jina la anayekuja kortini yawe moja. Ikiwa atamtuma mwenzake, ujue ni nani.

Nenda kwake na nakala ya hati ya mashtaka, nambari ya OB, risiti ya dhamana na karatasi yako mwenyewe uliyoandika saa, mahali, ulichokunywa, na askari waliokuwepo. Kisha muulize maswali haya kabla ya malipo yoyote: ada ni ya kesi nzima au ya kila siku ya kusikizwa? Kesi ikiahirishwa, nalipa tena? Nauli ya kutoka Mombasa ni juu ya nani? Rufaa imo? Majibu yaandikwe na nyote mtie sahihi. Mapatano ya "ukishinda ndipo unilipe" hayakubaliki kisheria, kwa hiyo anayekupa hayo anakudanganya tangu mwanzo. Na anayekuomba "ya hakimu" pembeni anakuingiza katika kosa la hongo, ambalo ni zito kuliko lile ulilokuja nalo.

Mpime kwa kazi ya wiki ya kwanza. Anayejua kazi ataomba taarifa za mashahidi kwa maandishi kabla kesi haijaanza kusikizwa. Katiba inakupa haki ya kuuona ushahidi mapema. Atauliza kifaa kilipimwa usahihi lini na nani alikitumia. Atauliza kama ulisubirishwa kabla ya kupuliza, kwa sababu pombe iliyobaki mdomoni, hata ya dawa ya kusukutua, huweza kupandisha nambari kwa takriban robo saa. Ikiwa ulitolewa damu, atafuata chupa ilikotoka hadi ilikofika: nani aliitoa, nani aliifunga na kuiandika jina, ilikaa wapi. Chupa isiyo na jina lako sahihi inaweza kupingwa kortini. Mambo haya yanaweza kuangusha kesi.

Ushahidi ukiwa mzito, wakili mzuri atakwambia wazi, na anaweza kuomba mapatano na upande wa mashtaka, kwa mfano shtaka lishushwe liwe la kuendesha bila uangalifu chini ya kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki. Mapatano hayo huandikwa, nawe hutia sahihi kwa hiari yako. Ikiwa kuna mtu aliyefariki, hali ni nyingine kabisa: kifungu cha 46 cha sheria hiyo kina kifungo cha hadi miaka 10, na hapo usisimame kizimbani peke yako hata asubuhi ya kwanza.

Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Usaidizi wa Kisheria ya 2016. Mwambie hakimu siku ya kwanza kwamba huna wakili na huna uwezo, iandikwe kwenye faili.

Mimi ni Muislamu. Naweza kuomba kesi yangu isikizwe na Kadhi? – Langoni, Lamu

La. Mahakama ya Kadhi husikiza ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi. Makosa ya jinai ni ya hakimu.

Kakangu amepewa bondi ya mdhamini, lakini sisi hatuna hati miliki ya shamba. Atabaki rumande? – Dada, Hindi, Lamu

Si lazima, dada. Mdhamini anaweza kuleta logibuku ya gari (hati ya umiliki wake) au karatasi za mshahara badala ya hati ya shamba, pamoja na kitambulisho, PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi) na picha. Mahakama humhoji kuona kama anamjua mshtakiwa na anaweza kumfuata, kwa hiyo mlete anayemjua kweli. Kama hata hivyo hamna, wakili au kakako mwenyewe aombe masharti yabadilishwe yawe pesa taslimu ya kiasi mnachokiweza. Katiba inataka masharti ya dhamana yawe ya haki, na hakimu anaweza kuyapitia upya. Pesa ikilipwa, risiti ya asili iwekwe na mtu mmoja nyumbani, mbali na maji. Kesi ikiisha na kakako hakukosa siku hata moja, hiyo risiti ndiyo mtakayorudi nayo kudai pesa yenu.